Mguu wa Kulia wa Mbaabu

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mbaabu ni mguu wake wa kulia. Alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu nje ya gereji ya Oscar, hapa Majengo mjini Meru, mkabala na chumba ninachopanga. Hakuwa akifanya lolote. Lakini kila gari lilipopita, mguu ule ulikandamiza vumbi, na kisigino kilikuwa kimeshachimba shimo.

Nilikuja kujua kwamba tangu ujana wake amesafirisha miraa kutoka Laare hadi Nairobi. Miraa ikichelewa hunyauka, na ikinyauka hakuna anayeitaka. Kwa hiyo Mbaabu hakuwahi kujifunza mwendo mwingine.

Gari lake ni Subaru ya zamani yenye turbo, kile kifaa chenye umbo la konokono kinachoisukumia injini hewa ili ipate nguvu zaidi. Mwaka jana injini ilipochoka, yeye na Oscar waliifungua yote. Wakaweka pistoni ngumu zaidi, ringi mpya, na turbo kubwa kuliko ya awali. Oscar akamwonya kwamba injini iliyofungwa upya lazima iendeshwe polepole mpaka vyuma vizoeane.

"Mwezi mzima, mzee. Kama umebeba mayai."

"Nimeelewa," Mbaabu akasema, na nadhani kweli alielewa.

Kabla wiki haijaisha, Gikunda, mfungashaji wa miraa kule Laare, akapiga simu. Gari lingine lilikuwa limekwama na mzigo ulikuwa umeshafungwa kwa majani ya migomba. Mbaabu aliondoka akijiambia kwamba atakwenda taratibu. Alipoanza kupanda kutoka daraja la Nithi, lori lilikuwa mbele yake na miraa nyuma yake. Mguu ukashuka wenyewe.

"Nilisikia mtu anabisha hodi ndani ya injini," aliniambia. "Halafu akatoka."

Fimbo ya pistoni ilikuwa imetoboa ubavu wa injini. Mzigo ulinyauka kando ya barabara, na Gikunda akaikabidhi kazi ile kwa dereva mwingine. Amesema atamrudisha Mbaabu siku atakapoiona Subaru ikiingia Laare bila moshi.

Oscar amezunguka Meru na Embu akitafuta injini nyingine ya aina ile. Amepata moja tu. Ikivunjika hii, gari litakatwa kuwa vyuma chakavu, na Mbaabu hajui kazi nyingine. Tangu hapo amekonda. Hata sokoni haendi, kwa kuwa huko watu humuuliza habari za gari.

Jana mkewe, Celina, alimletea githeri ya mahindi na maharagwe.

"Baba Karimi, hata ikiwaka, wewe utaiua."

"Najua."

Celina alisimama kidogo, akingoja abishe. Hakubisha. Akafunika sufuria, akaenda.

Oscar ana mpango wake. Kwa mwezi mzima wa mwanzo gari litabeba ndengu kavu kutoka Siakago hadi Embu.

"Ndengu hazina haraka," alisema. "Hata zikilala njiani, zinaamka zikiwa ndengu."

"Na dereva?" nikauliza.

Oscar alicheka, kisha akaacha. Alichukua kipande cha mbao, akakikaza chini ya pedali ya mafuta ili isishuke zaidi ya nusu.

"Mguu wako siuamini, mzee. Naamini mbao."

"Hata mimi siuamini," Mbaabu akasema. "Lakini mbao huvunjika."

Asubuhi hii injini imeshafungwa. Oili imetiwa, maji yametiwa. Celina amerudi, amesimama mlangoni na leso yake mabegani. Oscar ameinama chini ya boneti, anakaza waya wa mwisho wa betri. Mbaabu yuko ndani, vidole vyake vimeshika ufunguo, na mguu wake wa kulia tayari umeibana pedali mpaka kwenye mbao.

"Bado, mzee," Oscar anamwambia bila kuinua kichwa. "Legeza mguu. Bado."

Mguu unainuka kidogo. Sote tunangoja iwake.