Bungua Ndani ya Kitabu cha Kijani

Walisema sitaweza. Kwanza walisema sitafika India bila mjomba tajiri. Nikafika, nikasoma ufundi wa mitambo ya baridi, nikarudi Kisangani na diploma yenye muhuri mwekundu. Kisha wakasema fundi aliyetoka ng'ambo hatapata wateja hapa Kabondo, kwa kuwa bei yake itakuwa ya ng'ambo pia. Leo friza nyingi za mji huu zimepita mikononi mwangu, na bango lililo juu ya mlango wa karakana nimelilipia mwenyewe. Walipoishiwa na maneno kuhusu kazi, wakahamia kwenye vitabu.

"Karatasi haiwezi kaa huku," tonton aliniambia siku nilipofungua sanduku mbele yake. Tonton ni ndugu wa mama yangu. Ni seremala, na kibanda chake cha mbao kimepakana na karakana yangu. "Hapa ata viatu inaota uyoga. Iko mvua, iko mchwa, iko bungua. Utaona, mutoto ya dada yangu. Ile vitabu itakuwa unga."

"Mimi nina diploma, tonton."

"Bungua haisomake diplome. Inaikulaka."

Vitabu hivyo ni vya kriketi, vya zamani, na vyote vinaeleza jambo moja tu: namna ya kurusha mpira unaozunguka. Katika mchezo huo wako warushaji wanaokuja mbio na kurusha kwa nguvu. Wako na wengine wanaorusha polepole, huku vidole vikiupa mpira mzunguko. Mpira wa namna hiyo unaonekana mpole unapokuja. Unadunda mbele ya mwenye gongo, unageuka upande asioutazamia, na vijiti vitatu vilivyo nyuma yake vinaanguka. Ndani ya vitabu vyangu mna picha za mikono mitupu: kidole cha shahada juu ya mshono wa mpira, kifundo kilichopinda, mishale ya kuonyesha njia ya mpira. Sidhani kama kuna mtu mwingine, kuanzia Banalia mpaka Kinshasa, mwenye mkusanyiko kama huu. Nimeuliza.

Aliyeniingiza humo ni mzee aliyenipangisha chumba India. Jioni alinifundisha kushika mpira kwa kutumia chungwa, kwa sababu mpira halisi ulikuwa ghali na chungwa tungelila baadaye. Siku za mapumziko tulikwenda pamoja kwa wauzaji wa karatasi kuukuu, wale wanaopima vitabu kwa kilo kama viazi, tukapekua marundo mpaka mikono ikawa myeusi. Siku niliyoondoka alinipa kitabu chake mwenyewe, chembamba, chenye jalada la kijani, kilichochapwa na mwalimu mmoja wa shule kwa pesa zake. Pembeni mwa kurasa mzee alikuwa amebishana na mwalimu huyo kwa penseli. Pale palipoandikwa kwamba kidole gumba kiushike mpira, yeye aliandika: kisiuguse kabisa. Mzee amekwisha fariki. Wauzaji wa vitabu adimu niliowaandikia wanasema kitabu hicho hawajawahi kukiona.

Kabati la vitabu nililitengeneza mwenyewe kwa bati za friji zilizokufa. Miguu yake imesimama ndani ya makopo ya mafuta machafu ili mchwa wasipande, na ndani inawaka balbu ndogo ya kufukuza unyevu. Miaka ikapita, vitabu vikakaa. Nilikuwa nikiwaita watu waje kuona. Tonton alikuja, akatazama makopo ya mafuta, akasema, "Bon. Tungojee," akaondoka.

Kisha kikaja kitabu kutoka Kampala, kwa lori lililopita Beni na Nia-Nia katika matope ya mvua kubwa. Nilikipangusa, nikakikagua, nikakiweka karibu na kile cha kijani. Wiki kadhaa baadaye nilifungua kabati asubuhi nikakuta, chini ya kitabu cha kijani, kichuguu kidogo cha unga wa rangi ya mtama.

Nilijua ni bungua, mdudu atobolaye mbao na karatasi, kabla sijakigusa. Mtoto wa seremala anajua, na mimi nimelelewa katikati ya mbao za tonton. Nilipofungua jalada, unga mwingine ulimwagika. Katika ukurasa wa kwanza palikuwa na tundu dogo kama lililotobolewa kwa sindano. Ukurasa wa pili, tundu lile lile. Nilifuata njia ile karatasi kwa karatasi. Ilikuwa imepita katikati ya picha ya kiganja cha mwalimu, ikakata kona, na kuishia karibu sana na maandishi ya penseli. Aliyeichimba alikuwa bado humo ndani, nami sikuweza kumwona.

Mke wangu aliniuliza nani amekufa.

"Bado," nikamjibu.

Kuna sumu za unga na za kupuliza, lakini zingechafua karatasi na kufuta penseli. Dawa niliyoiamini ilikuwa kazi yangu mwenyewe. Mdudu wa kitabu hufa kwa baridi kali, mradi baridi hiyo ije upesi na isilegee kwa wiki mbili. Nilifunga kila kitabu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, nikakamua hewa, nikaziba midomo ya mifuko kwa pasi. Nikavipanga vyote ndani ya friza yangu kubwa ya karakana, nikapitisha waya wa kipimajoto, nikafunga. Namba zilipofika ishirini na mbili chini ya sifuri, nilijisikia mtu tena. Niliwaambia hata wanywaji wa mtaa wa Makiso, katika nganda moja, baa ninapopenda kukaa jioni, kwamba baridi yangu haihitaji msaada wa mtu.

Siku ya tano, mchana, transforma ya mtaa wetu ililipuka. Tulisikia kishindo, tukaona moshi, kisha mashine ya tonton ya kuranda mbao ikanyamaza taratibu. Watu walitoka barabarani kuuliza itachukua siku ngapi. Mimi nilikimbilia ndani kutazama kipimajoto.

Friza iliyojaa samaki hushika baridi yake muda mrefu. Yangu ilikuwa na karatasi kidogo na hewa nyingi. Jenereta yangu ilikuwa mezani vipande vipande, ikingoja pistoni kutoka Kinshasa. Nikakaa mbele ya namba zile nikaona zinapungua: ishirini na moja, ishirini. Niliogopa kuinua kifuniko nisije nikapoteza baridi iliyobaki. Niliogopa pia kutokiinua, kwa kuwa nilikumbuka somo nililolipenda zaidi chuoni na ambalo sasa sikulitaka: mdudu anayepozwa nusu nusu huzoea. Baridi ikilegea kisha ikarudi, yule aliye ndani ya kitabu cha mzee angekuwa mgumu kuliko mwanzo, na labda angelikuwa ametaga. Hapo ningekuwa nimemfundisha mimi mwenyewe namna ya kuishi.

Kulikuwa na njia moja. Barafu iliyopondwa ikichanganywa na chumvi nyingi hushuka hadi karibu na baridi niliyoitaka. Nilihitaji barafu kila siku, chumvi ya kutosha, na kitu cha kuzuia joto kuzunguka friza. Sikuwa na hata kimoja, na waliokuwa navyo ni wale wale waliosema sitaweza.

Nilianzia nganda ile ya Makiso, kwa kuwa huko umeme ulikuwapo. Mama mwenye nganda ana mashine ya barafu. Nilimwomba mbele ya meza ya watu watatu walionijua.

"Ni ya mugonjwa?" mama aliuliza.

"Ni ya vitabu."

Watu wa mezani wakaweka glasi chini ili wacheke vizuri. "Papa Diplome," mmoja alisema, "vitabu yako inakunywaka bière baridi?"

"Juzi tu alisema hapa hataomba mutu," mwenzake akasema. "Donc ni kitabu ndiyo inaomba. Yeye iko anasindikiza."

Mama hakucheka. "Leta ile vitabu hapa basi. Friza yangu iko na nafasi."

"Vina wadudu, mama."

"Vidudu karibu na kuku yangu? Te." Alifikiri kidogo. "Barafu nitakupa, asubuhi, siku zote mpaka courant irudi. Lakini utanirudishia barafu. Sitaki makuta, makuta inaisha. Barafu kwa barafu."

Kwa chumvi nilishuka bandarini. Papa mmoja wa Yanonge, mchuuzi wa mtoni, alikuwa akipakia magunia ya chumvi ya kupeleka Isangi. Alinisikiliza huku anahesabu mizigo yake.

"Hii gunia iko ya watu," alisema. "Nikifika bila yeye, nitasema nini? Kama vidudu imekula chumvi?"

"Nitalirudisha ukirudi kutoka Isangi, papa."

"Utaniachia nini?"

Sikuwa na kitu ambacho angekiamini. Nikarudi nyumbani, nikaishusha diploma ukutani pamoja na kioo chake, nikampelekea. Aliushika muhuri mwekundu kwa kidole, akaifunga ndani ya turubai, akaipeleka kwenye boti la mbao na kuilaza juu ya vikapu vya samaki wa kukausha. Nilibaki ufukweni na gunia mgongoni. Karatasi zangu zote za thamani sasa zilikuwa hatarini kwa siku moja, moja juu ya maji, nyingine ndani ya friza isiyo na umeme.

Kwa tonton sikusema mengi. Aliona gunia la chumvi, akanipa magunia ya unga wa mbao bila kuulizwa. "Nitahitaji unga yangu," alisema tu. "Iko mama moja ya kufuga kuku hapa jirani, ananunuaka ya kutandika kwa banda."

Kila asubuhi mwendesha toleka alileta barafu kwa baiskeli, ikiwa imefukiwa ndani ya unga wa mbao. Niliiponda, nikaichanganya na chumvi, nikaisindilia katika mabidoni ya plastiki, nikafungua kifuniko upesi, nikayapanga katikati ya mifuko ya vitabu na kutoa ya jana. Kuzunguka friza nilijaza unga wa mbao mpaka ikaonekana kama kaburi jipya. Namba zilisimama kwenye kumi na nane, zikapungua mpaka kumi na saba, zikarudi. Hofu yangu ikabadilika sura. Sasa niliogopa mabidoni. Bidoni moja ikivuja, maji ya chumvi yangeingia mahali pasi haikushika vizuri, na ningekuwa nimeviua vitabu kwa dawa. Nilipapasa kila bidoni kwa vidole kutafuta ufa. Mke wangu alisema nililala nikipapasa mto.

Umeme ulirudi baada ya siku nne. Watu walipiga makelele ya furaha mtaani. Mimi nilianza kuhesabu wiki mbili upya, kwa kuwa sikuiamini ile baridi ya mabidoni.

Zilipoisha niliviacha vitabu ndani ya mifuko hadi vikawa na joto la chumba, ili umande ubaki nje ya plastiki. Kisha nilivilaza juu ya kitambaa cheusi. Bungua aliye hai hawezi kula bila kutoa unga, na unga hauwezi kujificha juu ya cheusi. Asubuhi ya kwanza niliona chembe nyeupe, nikaiokota kwa ncha ya kidole. Ilikuwa jivu la jikoni. Asubuhi ya pili sikutaka kuingia chumbani. Mke wangu aliingia kwanza, akatoka akasema hakuna kitu, nami sikumwamini mpaka nilipopiga magoti mwenyewe. Hivyo hivyo mpaka mwezi ukaisha.

Siku boti la papa wa Yanonge liliporudi ndiyo siku niliyolipa wote. Asubuhi nilimpelekea mama barafu niliyoigandisha katika friza yangu, baada ya kuiosha. Aligonga kipande kimoja kwa kisu.

"Hii haijalala na vidudu?"

"Mama, ni maji ya leo."

"Na vitabu?"

"Vinakaa."

"Alors kaa na weye," akasema, akanifungulia chupa ambayo hakuitaja bei.

Mchana nilikuwa bandarini na gunia jipya la chumvi. Papa alilinyanyua kidogo, akalipima kwa mikono, akafungua turubai. Diploma yangu ilikuwa nzima, ila inanuka samaki wa moshi. Bado inanuka, ukiisogelea ukutani, nami siioni aibu. Hakuna nyingine mjini iliyokwenda Isangi na kurudi.

Tonton nilimwacha wa mwisho. Unga wake nilikuwa nimeuanika juani mpaka ukawa mkavu kama alivyonipa. Nilibeba magunia mgongoni, na kitabu cha kijani kwapani, kimefungwa ndani ya kitambaa cheusi.

"Iko kidogo kuliko ile nilikupa," alisema akitazama magunia.

"Mwingine uliondoka na upepo, tonton. Nimeongeza wa seremala wa kona."

"Wa kona iko na misumari." Lakini macho yake yalikuwa kwenye kitambaa. "Fungua."

Nilikitandaza kitambaa juu ya meza yake ya kurandia. Tonton alijipangusa mikono kwenye suruali, akakishika kitabu kwa ncha za vidole, akakiinamisha, akakigonga mara moja kwa kifundo, jinsi anavyogonga ubao kabla ya kuununua. Nilisimama pale, mtu mzima mwenye karakana, nikingoja kama mtoto. Alikigonga tena. Akakiweka sikioni, akafunga macho, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akakivuta kitambaa hadi kwenye mwanga wa mlango, akakipapasa kona kwa kona.

Akakifungua kitabu, akafika kwenye picha ya kiganja, akapitisha ukucha juu ya lile tundu.

"Alikuwa anaenda kwa maandishi," alisema.

"Ndiyo, tonton."

"Hakufika." Alikifunga, akanirudishia. "Bon. Acha magunia pale kwa mama ya kuku."