Kiti cha Mbele Darajani Kirumi

Gaudensia wa Makoko alikuwa amebakiwa na jicho moja lenye kazi. La kulia lilishaingia ukungu, na daktari akasema la kushoto nalo linafuata. Apasuliwe. Akasema sawa, lakini kabla hajaguswa na kisu anataka kuuona Mto Mara pale Kirumi, alikovushwa kwa pantoni siku anaolewa, daraja bado halijajengwa.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa saba, upepo wa kipupwe unauma masikio, binti yake Dorah akaja na mumewe Enos na gari lao dogo. Kazi ikawa kukaa. Mama mkwe hakai bega kwa bega na mkwewe, hata jina lake halitaji. Gaudensia akaingia nyuma. Na huko nyuma Enos alikuwa amebandika vioo karatasi nyeusi, ati urembo, na vyenyewe havishuki.

Njiapanda ya Makutano wakakata kushoto.

"Mama, kuna ndege mweupe pale!" Dorah akasema.

"Mweupe gani? Yangeyange au korongo?"

"Mweupe tu. Ana miguu mirefu."

"Na mimi ninayo. Nilikusomeshaga ya nini wewe?"

Walipokaribia daraja, mafunjo yakaanza huku na huku. Gaudensia akabandika uso kiooni. Giza tupu, kama ndani ya chungu.

"Dorah, mwambie mwenye gari asimame."

Enos akasimama pembeni. "Mwambie Mama aje mbele, mimi sitamtazama."

"Mwambie bora nipofuke yote mawili. Pale kwake sikai."

"Si mnasikiana nyie?" Dorah akacheka. "Mimi ni redio?"

"Wewe leseni yako unafunikia sufuria? Shika usukani, yeye aje huku, mimi nije hapo ulipo."

Gari hilo Enos hakuwahi kumwachia mkewe hata kulirudisha nyuma uani. Akatazama ufunguo. Akatazama kioo cha juu, akamwona mkwewe amekunja mikono, mtu wa kukaa hapo mpaka jioni. Akashuka.

Gaudensia akateremsha kioo cha mbele chote. Mto huo, mpana, wa kahawia, unakwenda taratibu. Minandi, wale ndege weusi wavuvi, wamesimama juu ya gogo, mabawa wameyatanua kama nguo zilizoanikwa. Mdiria akadondoka majini, pu! akatoka na dagaa mdomoni.

"Polepole, Dorah! Unakimbilia msibani?"

Nyuma, Enos aliyejikunja kwenye kona, akichungulia mbele katikati ya viti, akashindwa kuvumilia. "Dorah, mwambie Mama kulia kuna tai furukombe, mkubwa!"

"Mwambie ahsante, kulia mimi sioni. Tukifika ng'ambo geuza, upande huo nitaukuta kushoto."

Ng'ambo, Dorah akageuza. Gia zikalia, Enos akafumba macho. Gaudensia alishatoa kichwa nje.