Gego la Fundi Halirudi

Saa tatu kasorobo asubuhi, chumba cha nyuma cha kliniki ya meno kinanuka plasta mbichi na nta iliyoungua. Fundi ameinamia meza yake, jicho moja kalifumba. Kwa ncha ya brashi nyembamba kama unyoya anapaka unga wa kaure juu ya jino la mtu asiyemjua. Anapaka, anapuliza, anatazama. Anapaka tena. Kisha anafanya jambo ambalo wenzake wamelizoea miezi hii miwili: anaweka brashi chini, anashika shavu la kushoto, na kulikaripia gego lake mwenyewe.

"Wewe si umekufa?" analiuliza. "Sasa kelele za nini?"

Ni gego la ajabu. Akinyamaza haliumi. Akilala haliumi. Akicheka haliumi. Linauma akiuma.

Hapa kliniki wanamwita Fundi Halirudi, na jina hilo kalipata kwa jasho. Kazi yake ni kutengeneza mataji, yale magamba magumu yanayovalishwa meno yaliyooza, yakatibiwa, yakabaki visiki. Daktari huko juu akishachonga kisiki, kipimo cha meno ya mgonjwa hushushwa ngazi kumi na saba hadi kwenye meza hii. Siku tatu baadaye taji hupanda juu, limelala kwenye pamba. Wagonjwa wengi huliita kofia, na hapo fundi huona moto.

"Kofia unaivua ukiingia ndani," anasema. "Taji langu huvui. Unakula nalo, unalala nalo, unazeeka nalo. Iweje liwe kofia?"

Ametengeneza kama arobaini kwa mwezi, kwa miaka kumi na tisa. Piga hesabu. Zaidi ya watu elfu tisa wanatafuna kwa kazi ya mikono yake, na kati yao hakuna anayemfahamu hata kwa sura. Anapishana nao sokoni, wanamkanyaga vidole, wanaomba radhi kwa tabasamu, na tabasamu lenyewe ni lake. Daktari huletewa maua na kadi za shukrani. Fundi huletewa plasta.

Kwa hiyo fahari yake aliitundika mwenyewe, kwenye msumari juu ya meza: daftari la jalada jekundu lililoandikwa MAREJEO. Alilinunua wiki yake ya kwanza ya kazi, ili taji lolote litakaloshuka kwa kasoro liandikwe humo. Lina kurasa tisini na sita. Zote ni nyeupe. Akija mgeni, hata fundi bomba, haonyeshwi sinki kabla hajafunuliwa daftari.

"Soma," humwambia.

"Mbona hamna kitu?"

"Ndiyo hiyo. Soma tena."

Halafu likaja gego la chini kushoto. Lilikuwa na tundu, akalipuuza miaka miwili, mpaka siku moja likamfanya akumbatie jokofu huku analia. Daktari alimsafisha mizizi ya jino huku akipewa mihadhara, naam, mihadhara, kwa sababu kila alipoingiza kifaa fundi alitoa maoni. Mizizi ikasafika, neva ikatolewa, jino likazibwa. Likabaki taji. Nani angelitengeneza? Kuuliza tu ni kumvunjia heshima.

Mataji ya watu huchukua siku tatu. Lake lilichukua wiki mbili. Alilitia rangi nne, akalichora na vijifereji vyake, akaling'arisha mpaka likawa zuri kuliko meno aliyozaliwa nayo. Siku ya kulivalisha, daktari alitaka kulipima kama kawaida. Fundi akafumba mdomo.

"Weka gundi," alisema kupitia meno. "Hilo halipimwi."

Jioni ile aliwafungulia wageni mdomo sebuleni na kuwapa tochi wazungushe.

"Niliona haya," anakumbuka mkewe, ambaye ni fundi cherehani. "Shemeji yangu alikuja kutoa pole, akaishia kulazimishwa kukagua gego."

Siku ya nne akauma ganda la mkate, akaruka kitini. Akalaumu mkate. Wiki iliyofuata akalaumu mswaki, kisha upepo wa dirishani, kisha mto wa kulalia. Mwisho akalaumu mizizi, yaani daktari. Picha ikapigwa: mizizi safi. Ikapigwa nyingine: safi tena. Miezi miwili sasa anatafunia upande wa kulia, na kilo sita zimekwenda zake. Mkewe amempunguzia suruali mara mbili.

"Baba watoto, hilo jino lako limekaa juu," alimwambia juzi, akiwa na pini midomoni.

"Halijakaa juu."

"Kwangu nguo zinarudi kila siku. Huyu inambana, yule inamburuza. Nafumua, napunguza, mtu anaondoka anaimba. Kuna aibu gani?"

"Nguo ni nguo. Hili ni taji."

"Basi liambie taji linywe supu. Mimi nimechoka kuipika."

Leo saa nne ana miadi, na yaliyo hatarini si mchezo. Mfukoni ana karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa mwandiko wa kupendeza. Anaomba jino ling'olewe. Ling'olewe zima, na mizizi yake, na taji lake, kabla mtu hajaligusa taji hilo kwa msasa. Afadhali pengo kuliko doa kwenye daftari.

Anapanda ngazi akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa taulo. Dada wa mapokezi anamchungulia.

"Fundi, umeleta mtoto?"

"Nimeleta shahidi."

Daktari ni mwanamke mpole wa miaka arobaini, mwenye subira ya mtu anayeongea siku nzima na watu wasioweza kujibu. Anaisoma karatasi, anaikunja, anaiweka chini ya kikombe chake. Kisha anachukua kipande cha karatasi ya bluu, chembamba kuliko ganda la kitunguu. Jino likigonga zaidi ya wenzake, rangi hubaki nene juu yake.

"Uma," anasema.

Fundi anauma kwa adabu, kama anayembusu mtoto aliyelala.

"Fundi. Uma kama uko nyumbani."

"Nyumbani siumi. Nakunywa supu."

"Uma."

Anauma. Mguu wa kulia unaruka, kiatu kinaanguka. Daktari anatazama mdomoni. Katikati ya taji kuna doa moja la bluu, nene, limekaa kama muhuri wa posta.

"Liko juu."

"Karatasi yako ni nene."

Hapo ndipo taulo linapofunguliwa. Ndani mna taya la chuma, kile chombo chenye bawaba kama mlango ambamo fundi hufungia meno ya plasta, ya juu na ya chini, ili aone yanavyokutana. Ni nakala ya mdomo wake mwenyewe, na ndimo alimolitengenezea taji. Analiumisha karatasi ile ile. Vidoa vinatokea vidogo vidogo, vimetawanyika kwa haki.

"Unaona?" anasema, sauti imempanda. "Taji liko sawa. Mdomo ndio umekosea!"

"Basi tuung'oe mdomo," anasema dada wa mapokezi kutoka mlangoni.

"Jino zima, mzizi safi, niling'oe kwa ajili ya unene wa nywele mbili?" anauliza daktari. "Sing'oi. Nipunguze kidogo tu, Fundi. Dakika mbili."

"Miaka kumi na tisa, Daktari. Halijarudi hata moja. Unataka la kwanza liwe langu mwenyewe?"

Daktari anamtazama dada wa mapokezi. Dada wa mapokezi ghafla anaona pazia limekaa vibaya, anaanza kulinyoosha.

"Kaa, Fundi."

"Nimekaa."

"Kaa vizuri." Daktari anavua barakoa. "Katika kila mataji yako kumi, matatu nayagusa. Mgonjwa akiuma, likagonga, nasaga kidogo, anakwenda zake. Kazi yako ni nzuri, ndiyo maana yanatosha kuguswa tu. Sikuona haja ya kukushushia habari."

"Tangu lini?"

"Tangu nimeanza hapa. Miaka minane."

"Na yule daktari wa kabla yako?"

"Yeye alikuwa anagusa manne," anasema dada wa mapokezi kwa pazia.

Daktari anazima lile bomba dogo la kunyonya mate. Mtu mzima amelala kwenye kiti cha mgonjwa, kitambaa shingoni, mguu mmoja peku, na kurasa tisini na sita nyeupe zinamgeukia kichwani.

"Lakini langu," anasema hatimaye, polepole. "Langu nililifanya wiki mbili. Nililifuata kipimo sawasawa."

"Kipimo kipi, Fundi?" anauliza dada wa mapokezi. "Si siku ile ulikuwa unafundisha?"

Daktari anaweka mkono kifuani. Amekumbuka. Kabla ya kutengeneza taji, mgonjwa huumishwa kipande cha nta laini, na alama zake ndizo humwonyesha fundi jinsi taya mbili zinavyokutana. Siku ile alimwambia fundi uma, fundi akauma, na akiwa bado ameuma akaanza kumweleza kwamba nta ameikata fupi.

Fundi anateremka ngazi na kitambaa chake shingoni, peku ule mguu mmoja. Anavuta sanduku la vipimo vyake, anaitoa nta, anaisogeza kwenye taa. Kwa jicho la miaka kumi na tisa hahitaji hata miwani. Alama za meno zimeteleza. Kila shimo lina mkia. Nta haikunasa taya. Ilinasa sentensi.

Na hapa watu wa kliniki wanajua jambo. Nta ya namna hii ikishuka kutoka juu, fundi huirudisha saa ile ile, na kikaratasi cha maneno makali: *Mgonjwa huyu alikuwa anauma au anahutubia?* Daktari anavyo vikaratasi hivyo kwenye droo, kama ishirini.

"Ingekuwa ya mtu mwingine nisingeipokea," anakiri mbele ya wenzake, nta ikiwa kiganjani. "Hii ilikuwa yangu. Mdomo wangu niliuamini." Anaigeuza, anaitazama kwa karibu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu upande mmoja. "Nilikuwa nimefika kwenye neno 'fupi'. Naliona hapa."

Anapanda tena, anajilaza kitini, anasema neno moja.

"Saga."

Mashine inalia kama mbu mwenye hasira. Fundi amefumba macho na kushika mikono ya kiti. Unga mweupe wa kaure, ule aliouchanganya rangi nne, unamwangukia kidevuni. Dakika mbili, kama alivyoahidiwa.

"Uma."

Anauma. Anangoja. Anauma tena, kwa nguvu. Kiatu kilichobaki hakiruki.

"Vipi?"

"Limebaki kama la mtu aliyepigwa jana," anasema. "Si kama la mtu anayepigwa."

Daktari anasema hivyo ndivyo inavyotakiwa. Jino lililotolewa neva, anaeleza, lenyewe halihisi, lakini limeshikwa kwenye mfupa na nyuzi zilizo hai. Likigongwa kupita kiasi kila mlo, nyuzi hizo huvimba na kuuma, na zikipumzishwa hupoa taratibu.

"Watu hukaa na maumivu miezi, wanadhani ndivyo jino lililotibiwa lilivyo," anasema. "Siku chache za kuuma ni kawaida. Zikizidi, mtu arudi. Na akiona uvimbe, au likiuma lenyewe bila kuguswa, arudi siku hiyo hiyo, kwa sababu hilo laweza kuwa jambo lingine."

Arudi. Neno hilo linamfuata fundi hadi chini. Anatungua daftari jekundu, anapuliza vumbi, anafungua ukurasa wa kwanza, anachukua kalamu. Kisha anaandika tarehe, anaandika *gego la chini kushoto*, na penye safu ya sababu anaandika: *Mgonjwa aliongea. Fundi alimwamini.*

Wiki mbili zimepita tangu hapo. Daftari sasa lina mistari saba, kwa maana fundi amemwomba daktari kila taji linaloguswa ashushiwe habari, liliguswa wapi na kwa kiasi gani. Ukiacha la kwake, mistari mitatu kati ya hiyo ni magego ya chini, yote yamezidi upande wa ndani.

"Hilo ni kosa la mkono wangu," anasema, akionyesha jinsi anavyoshika brashi. "Nimekuwa nalo miaka yote na hakuna aliyeniambia. Sasa nimelikamata."

Mpango wake ni kupanda juu kila Ijumaa, akae pembeni, aone watu wakiuma. Amekwisha kuanza. Ijumaa iliyopita bibi mmoja aliuma, akashangaa, akaangua kicheko, akamshukuru daktari. Daktari akamwelekeza kidole: mshukuru yule. Bibi akamshika fundi mikono yote miwili, na fundi akamwomba aume tena. Anataka, anasema, daftari lijae kabla hajastaafu. Dada wa mapokezi ameshambadilisha jina. Anamwita Fundi Limerudi, naye anaitika.

Jumamosi mchana, nyumbani, mkewe ameweka bakuli la karanga mezani, upande wa kushoto, makusudi. Fundi anachukua moja. Anaitazama. Anaipeleka kwenye gego, anafumba macho, na kelele yake inasikika mpaka kwenye cherehani.

Cherehani inasimama.

"Baba watoto," anauliza mkewe bila kugeuka, "linauma?"

"Linauma," anasema fundi, na anachukua konzi nzima. "Linauma karanga."