Bendi yetu ya rock ilitakiwa kuonyesha tuzo zake zote, moja tukaikuta Buswahili ina ndama

Wakuu, shikamooni wale wa kuamkiwa, na wengine mambo vipi.

Haya nayaandika nikiwa Bunda, Manyamanyama, simu ina chaji ya kutosha na leo sina pa kwenda. Nimeyaona kwa macho yangu na baadhi nimeyasababisha mwenyewe. Majina ya watu nimebadilisha. Ng'ombe ni wale wale.

Kwanza mnijue. Shule niliacha kidato cha pili. Tangu hapo nimevua dagaa, nimesaga mahindi, nimechimba, nimetengeneza redio. Sehemu moja sikaagi. Nikisikia kuna kitu sijakiona, nafunga begi.

Kitu pekee nilichodumu nacho ni bendi. Miaka tisa sasa. Mimi siyo mwanamuziki, nabeba spika na kuunganisha nyaya.

Bendi inaitwa Betri Mbili, kwa sababu tulianza kupiga kwa betri mbili za gari kule ambako umeme haujafika. Na tunapiga rock. Ndiyo, rock, mkoa wa Mara. Kuna bibi mmoja aliwahi kutuuliza kama gitaa limeharibika au ndivyo tulivyotaka.

Wapigaji ni watatu. Chacha ni gitaa, mtoto wa Makoko, kwao wavuvi. Magesa ni ngoma, kalelewa na mchungaji wa kanisa Musoma mjini. Nyangeta ni besi na ndiye mwimbaji. Huyu ni wa Bunda hapa hapa, na bila yeye hakuna bendi, kuna vijana wawili wanaopiga kelele.

Sasa, kuna tamasha kubwa Mwanza ambalo tuliomba mara mbili tukakataliwa. Mwaka huu Nyangeta alisema wazi: hii ni mara ya mwisho. Mjomba wake kamtafutia kazi ya stoo Tabora, anatakiwa kuripoti. Tukikataliwa tena, anaondoka. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekutajia bei ya nyanya, na hapo ndipo niliogopa.

Form ikaja. Nikaisoma mimi maana wenzangu hawapendagi makaratasi. Ukurasa wa tatu umeandikwa: orodhesha tuzo na utambuzi ambao kundi limepata tangu lianzishwe, ambatanisha ushahidi.

Kumbe miaka yote miwili tulikuwa tumeacha hapo wazi.

Nikamuuliza Chacha kwa nini. Akasema, "Tungeandika nini, na tuzo zenyewe hatunazo?"

Hapa nisimame kidogo niwaeleze utaratibu wetu. Tuzo ya kwanza kabisa ilitaka kuvunja bendi. Kila mmoja alitaka ikae kwao, Magesa na Chacha wakafikia kushikana mashati. Nyangeta akaweka sheria: tuzo hailali kwa mwanabendi. Inabaki kwa mtu aliyetupikia siku hiyo. Tukashukuru, tukaondoka, na kwa kweli tukasahau. Hakuna aliyeandika popote.

Jumatatu nikawasha pikipiki. Deadline ilikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Nilianzia Makoko. Kuna mama anauza samaki wa kukaanga, huyo ana cheti chetu cha shindano la vijana wa kanisa. Kwaya zilishinda nafasi zote tatu, sisi tukapewa zawadi maalumu, nadhani ili tuache kupiga. Nimekikuta kipo kwenye fremu, ukutani sebuleni, pembeni ya picha ya harusi yake. Nikaomba nikichukue siku mbili. Akaniambia picha nipige, ila cheti hakitoki, wageni wake wameshakizoea. Nikapiga picha.

Jumanne, Manyamanyama, kwa kinyozi mmoja. Kikombe chetu cha bonanza la mpira kipo mbele ya kioo, kimejaa vitana. Kakisugua kinang'aa kuliko siku tulipopewa. Nikapiga picha na yeye kasimama pembeni, alikataa kupigwa bila kofia.

Ikabaki moja. Kubwa kuliko zote.

Miaka sita nyuma tulipiga Buswahili, wilaya ya Butiama, siku wanafungua madarasa. Vikundi vilikuwa vitano. Wanakijiji wakatuchagua sisi, na zawadi ilikuwa mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Nyangeta ndiye aliyekabidhiwa kamba. Wakuu, sisi wote ni watu wa ziwani na wa mjini. Tulikuwa na kigari cha kukodi kimejaa spika. Tukamwachia Mzee Wambura, yule aliyetulisha ugali mchana ule, tukamwambia akae naye.

Kwetu ziwani ukimpa mtu samaki umempa, jioni anapika, mmemalizana. Tukajua tumempa ng'ombe. Hata kurudi kusalimia tuliona aibu, tusije tukaonekana tunafuata maziwa.

Jumatano asubuhi nikafika kwake. Mkewe, Mama Robi, akanipa kiti. Mzee akatoka, akaniangalia, akanitambua. Hakunipa mkono.

Nikaeleza shida yangu: naomba barua ya mtendaji wa kijiji ya kuthibitisha kwamba tulipewa ng'ombe, na yeye awe shahidi.

Akauliza, "Wenye ng'ombe wako wapi?"

Nikamwambia ng'ombe ni wake, tulimpa.

Mama Robi ndiye aliyecheka. Akanieleza taratibu kama anavyoelezwa mtoto. Huku ng'ombe ukimwacha kwa mtu hujampa, umemweka. Maziwa na samadi ni vya anayelisha, na akishazaa zaidi ya mara moja anapewa ndama mmoja wa shukrani. Wengine wote ni wako. Kazi ya mwenyewe ni moja tu, kuja kuwaangalia. Ukimwachia mtu ng'ombe halafu usikanyage kwake, umekiambia kijiji kizima kwamba yeye ni mchungaji wako wa kukodi, na tena usiyemjali.

Mzee Wambura alikuwa amebeba hilo miaka sita. Watu walikuwa wanamuuliza wenye ng'ombe ni akina nani, na mbona hawaji.

Akaniambia barua itaandikwa siku watakapokuja wote watatu. Siyo mimi mbeba spika. Alikumbuka hadi kazi yangu.

Nikampigia Nyangeta. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Sasa nije kuangalia ng'ombe wakati naondoka?" Nikamwambia bila barua tuna cheti cha kuonewa huruma na kikombe cha vitana. Akakata simu.

Sikujua kama anakuja. Nililala kwa mzee nikisubiri.

Alhamisi saa nne wakaingia. Pikipiki mbili, Chacha na gitaa la mbao, Magesa kapakata ngoma moja ndogo kama mtoto mgonjwa. Nyangeta alikuwa amefunga kitenge na kashika sukari kilo mbili. Nadhani mama yake ndiye aliyemwambia usiende mikono mitupu.

Mzee akawapeleka zizini bila maneno mengi. Akaonyesha: huyu ndiye mtamba wenu, sasa ni mama. Huyu dume, huyu jike. Yule mwekundu nilimchukua mimi kwa shukrani yangu, kama mnaona nimekosea semeni. Magesa akasema hapana mzee, hujakosea. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Halafu mzee akaingia ghalani, akatoka na kitu kimekunjwa. Ngozi. Ya ndama, imekauka, imekuwa ngumu kama ubao.

Akamkabidhi Nyangeta. Akasema huyu alikufa kwa homa ya kupe mwaka wa tatu, walimtibu wakashindwa.

Nyangeta akaishika muda mrefu. Akauliza, "Baba, kwa nini hukuitupa?"

"Ningekuonyesha nini?"

Wakuu, mimi hapo niligeuka nikaangalia mlimani. Wiki nzima nazunguka kutafuta ushahidi kwamba bendi yetu iliwahi kuthaminiwa na mtu, na mzee alikuwa ametunza ushahidi hadi wa kile kilichokufa.

Nyangeta akaomba msamaha. Kwa kupiga magoti, siyo kwa mdomo tu. Mzee akamwinua, akamwambia, "Nasikia unahamia Tabora. Kamba ulipokea wewe. Ukienda, niambie sasa hivi nani nitakuwa namwonyesha."

Nyangeta akamtazama Chacha. Chacha akatazama chini.

Baadaye wakapiga, pale pale uani, bila spika, mchana kweupe. Rock bila umeme ni kitu cha ajabu, inabaki mguu wa Magesa na sauti ya yule dada. Majirani wakaja. Mama Robi akasema leo gitaa limepona.

Mtendaji akaja mwenyewe na mhuri mfukoni. Barua yake ninayo hapa, ina mistari michache. Inasema kundi la Betri Mbili lilitunukiwa mtamba na wananchi, na kwamba hadi tarehe ya barua wana ng'ombe watatu, na ngozi moja iliyokaguliwa. Hilo la ngozi mzee ndiye aliyelazimisha liandikwe.

Ijumaa saa tisa nilikuwa kwenye duka la intaneti Bunda. Kwenye kile kiboksi cha tuzo nikaandika vyote vitatu, nikaeleza kila kimoja kinakaa kwa nani na kwa nini. Nikatuma.

Jumamosi nikaenda kwa kina Nyangeta kumsaidia mabegi. Nikakuta nguo zimerudi kabatini. Alikuwa ameshaongea na mjomba usiku, mjomba kafoka, yakaisha. Nikamuuliza, na tukikataliwa je? Akasema, "Tukikataliwa tumekataliwa. Siyo kwamba hatuna watu."

Kumbukeni, wakati huo majibu hatuna.

Jumatatu iliyofuata mtu wa kamati akapiga simu kuuliza kama hilo la ng'ombe ni utani. Nikamwambia mhuri anauona. Akauliza na ngozi? Nikamweleza ngozi. Akasema asante.

Jana majibu yametoka. Tumechukuliwa. Jukwaa dogo, saa nane mchana, dakika ishirini na tano. Siyo lile jukwaa kubwa, msije mkanisema nimewadanganya.

Nikampigia Mzee Wambura nimpe habari, simu nimeweka sauti kubwa wote tusikie. Nikamaliza maelezo yangu marefu ya tamasha. Akasema hongereni. Halafu akasema Jumamosi wanaogesha ng'ombe dawa ya kupe, nani anakuja?

Nyangeta akaichukua simu mkononi mwangu.

"Ni mimi, baba. Dawa nakuja nayo."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Tulidhani hatujulikani kwa sababu hatuna kabati la vikombe. Kumbe tunatunzwa majumbani kwa watu, na sisi ndio hatukuwahi kwenda kuangalia.

Kama na wewe kuna mtu uliwahi kumwachia kitu chako, au mtu alikuthamini ukapita moja kwa moja bila kurudi, tuandikie hapa chini. Na wanaojua habari za mifugo, dawa ipi ni nzuri kwa kupe wa huku? Nyangeta kasimama nyuma yangu, anasubiri majibu.