Barua ya Kuku wa Mama

Bado naikumbuka, mwanangu, asubuhi niliyopigiwa makofi na kijiji kizima cha Kinampanda kwa barua ambayo hakuna aliyeielewa. Nikiikumbuka nacheka peke yangu, halafu naona aibu, na uzee wote huu. Nakusimulia kwa sababu jana nimekuona na simu yako, unakariri maneno magumu ya Kiingereza, midomo inakwenda kama mbuzi anayecheua. Usinune. Nami nilikuwa hivyohivyo, tena nilikuzidi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani nasubiri matokeo. Nilikuwa na kamusi moja ya Kiingereza, nilipewa na mwalimu wetu, imeliwa na mchwa mbele na nyuma. Ilianzia D ikaishia P. Basi, hiyohiyo! Kila siku ukurasa mmoja, nikitwanga, nikipepeta uwele, nikichunga ndama. Maneno mepesi sikuyataka, niliyaona ya watoto wa shule ya msingi. Shangazi zangu wakinisemesha nawajibu neno refu hilo, wanaduwaa, nami nafurahi siku nzima.

Mwaka huo kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikaingia. Mama alikuwa na kuku zaidi ya thelathini, na kwetu kuku ndio walikuwa kila kitu. Sare zangu, chumvi, sabuni, vyote vilitoka kwao. Wakaanza kuzubaa, shingo zinapinda, leo unaokota wawili, kesho watatu. Kwa majirani vilevile. Chanjo ya kuwakinga waliobaki alikuwa nayo bwana mifugo, kule Kiomboi. Mwenyekiti akaitisha mkutano, ikaamuliwa aandikiwe barua. Na barua ya kijiji haikutumwa hivihivi, ilisomwa kwanza mbele ya watu wote wairidhie. Wakanichagua mimi, eti nina Kiingereza.

Sasa sikia ujinga wangu. Bwana mifugo mwenyewe alikuwa Mnyiramba wa Kinyangiri, Kiswahili anakijua kuliko mimi. Lakini nani angenizuia? Siku mbili nilijifungia na kamusi yangu. Nje kuku wanakufa, mimi ndani natafuta neno zuri la kufa.

Kuku sikuwaita kuku. Niliwaita “domestic feathered multitude”, yaani ule umati wa nyumbani wenye manyoya. Kufa nikakuita “lamentably expiring”, yaani kukata roho kwa masikitiko. Siku ya kuisoma nilisimama mbele ya mkutano, shingo ndefu, sauti ya redioni. Kadiri watu walivyokosa kuelewa, ndivyo walivyopiga makofi. Mzee mmoja alifuta machozi kabisa. Mama peke yake, kutoka kule nyuma, aliuliza, “Mwanangu, kuku umewataja wapi?”

“Wamo, mama,” nikajibu. Watu wakamcheka. Nami nilimcheka, Mungu anisamehe.

Wiki ikapita, kimya. Ya pili, kimya. Mama alipobakiwa na kuku kumi na mmoja, alitia mizoga miwili kwenye kikapu akaniambia, “Twende.” Tukaenda kwa miguu mpaka Kiomboi. Bwana mifugo alikuwepo, na barua yangu ipo mezani kwake, imewekewa jiwe isipeperuke.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Barua yetu uliipata?”

“Hii?” Aliishika kwa mikono miwili. “Kumbe ni ya kwenu! Nilimpelekea mwalimu wa sekondari anisomee, kanirudishia. Anasema huenda ni mambo ya kanisa.”

Mama akafungua kikapu. “Kuku wanakufa, baba. Njoo.”

Hakuuliza la pili. Alibeba dawa, akapanda baiskeli, akatutangulia. Tulipofika kijijini tulimkuta tayari anachanja kwa majirani.

Wa mama walipona saba tu. Jioni ile alinipa jembe nifukie waliokufa mchana, akasimama kando yangu. Nilipomshika wa kwanza, akauliza, “Huyo ni nani?”

“Kuku, mama.”

“Kwa Kiingereza?”

“Chicken.”

Alinitazama, wala hakukasirika. “Kumbe ulikuwa unalijua,” akasema, akaenda zake jikoni.

Nililia, mwanangu, jembe mkononi. Kutoka D mpaka P sikupata neno la kumjibu.

Sikuambii uache hiyo simu. Kariri, tena kariri sana. Mimi niliendelea, nikafundisha Kiingereza miaka mingi, na siku niliyopata kamusi yenye A mpaka Z nilicheza ngoma chumbani peke yangu. Ila ukipata neno jipya, lipe kazi siku hiyohiyo: mwambie mtu jambo, umtazame kama ameelewa. Asipoelewa, kosa ni lako, usilitupe kwake. Neno gumu nalo lina mahali pake, na likihitajika litumie bila woga. Lakini mtu akikutuma useme shida yake, itaje shida kwanza kwa jina lake. Na akitokea mama mmoja kule nyuma akauliza kuku wako wapi, usimcheke. Shuka, umwonyeshe kwa kidole.

Haya, mwanangu. Mungu akujaze maneno mpaka yamwagike, na akupe watu wa kuyaelewa. Kideri kipite mbali na mlango wako. Na siku mama yako akikuuliza, uwe na jibu.