Jibu Likae Chini

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya saiba moja mjini Garissa, nikisubiri kuchapisha barua. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa ngamia, akimsomea binti wa kaunta jibu la kumpelekea mteja kwa baruapepe. Binti alipomaliza kuandika, akageuza skrini ili mama aone.

Mama akaweka kidole kwenye kioo. "Hii ya juu ni nini?"

"Ni jibu lako, mama."

"Na salamu yake?"

"Iko hapo chini."

"Kwa hivyo mimi nimesema waaleikum salaam, halafu yeye ndio anasema assalaam aleikum? Wallahi, hii haiendi. Ataniona mimi mwendawazimu."

"Kompyuta ndiyo inapanga hivyo."

"Basi wewe ipange."

Nilitaraji binti abishe. Akavuta kiti, akafungua mipangilio, akapekua ukurasa baada ya ukurasa huku foleni ikiguna, mpaka akapata pa kuchagua: jibu likae juu ya ujumbe au chini yake. Akabonyeza chini. Salamu ikatangulia, jibu likafuata.

"Haya, sasa tuma," mama akasema, akashusha kidole.

Nilipofika nyumbani nami nikabadilisha yangu. Miaka yote hii nimekuwa nikijibu watu kabla hawajaniuliza, na kumbe pa kurekebisha papo. Mhariri wangu analalamika kwamba siku hizi lazima ateremke hadi mwisho ndipo aone jibu langu. Ateremke. Njiani atakutana na maswali yake mwenyewe.