Funguo za Mzee wa Stoo

Mzee wa stoo wa zahanati yetu hapa Matinyani alikuwa akipuliza daftari kabla ya kuandika, hata kama halina vumbi. Funguo alizifunga kiunoni kwa kamba ya katani, na ulizisikia kabla hujamwona. Siku moja afisa wa kaunti alimletea fomu atie sahihi kwamba dawa na barakoa za kujiandaa na mlipuko wa mafua zimefika. Mzee alifungua stoo, akaweka kiti katikati ya sakafu tupu. “Keti hapa, mkubwa. Zikifika, utaniita.” Akaenda kumwagilia sukuma wiki yake. Alistaafu Aprili. Siku hizi fomu hutiwa sahihi getini, afisa akiwa bado ndani ya gari. Zile funguo sijazisikia tena.